Ahadi ya Sera na Dirisha la Dawa: Kwa Nini Baadhi ya Sera za Afya Hufaulu na Nyingine Hukwama

Utangulizi

Sera ya umma ni ahadi ambayo Serikali huitoa kwa wananchi. Katika sekta ya afya ahadi hiyo huandikwa wizarani, hupitishwa katika vikao vya juu, kisha husafiri kupitia mkoa na halmashauri hadi kufika katika zahanati ya kijiji. Mwisho wa safari hiyo yupo mgonjwa aliyesimama mbele ya dirisha la dawa. Mara nyingi mgonjwa huyo hajasoma waraka wowote. Yeye huipima sera kwa jambo moja tu: amepata dawa au amekosa.

Sera inapokwama, lawama huangukia watu walio karibu zaidi. Mgonjwa humlaumu muuguzi kuwa hana huruma, muuguzi humlaumu mganga mfawidhi, na mganga mfawidhi huilaumu halmashauri. Ni kweli kwamba uzembe na wizi vipo, na havifai kufumbiwa macho. Hata hivyo, sera nyingi hukwama mahali ambapo kila mtumishi anatimiza wajibu wake. Makala hii inaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, kwa kutumia mifano ya Tanzania na nchi mbili jirani, na inaonyesha yale ambayo watumishi na wagonjwa wanaweza kuyafanya.

Mahitaji matano ya sera

Daktari hamwandikii mgonjwa dawa kabla ya kujua chanzo cha homa. Vivyo hivyo, anayetaka kujua kwa nini sera imekwama hana budi kuikagua sehemu moja baada ya nyingine. Sera ya afya huhitaji mambo matano ili ifanye kazi.

La kwanza ni ufahamu sahihi wa tatizo: ni nini kinachowaua au kuwaumiza watu wa eneo husika, na kwa kiasi gani. La pili ni fedha zinazolingana na ahadi iliyotolewa. La tatu ni mtu au ofisi yenye dhamana, ambayo ina wajibu wa kutenda na pia mamlaka ya kuamua. La nne ni watumishi, dawa na vifaa mahali ambapo huduma hutolewa. La tano ni taarifa zinazorudi kwa watunga sera, ili wajue kama walichokusudia ndicho kilichotokea.

Mambo haya hayafidiani. Fedha nyingi haziwezi kuziba pengo la kutolijua tatizo, na mafunzo mazuri ya watumishi hayawezi kuziba pengo la dawa. Mifano ifuatayo inaonyesha jinsi hali hiyo inavyojitokeza.

Mfano wa kufaulu: Rufiji na Morogoro Vijijini

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti ya maendeleo iliyohusu uwekezaji katika afya. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi maskini zingeweza kupunguza vifo kwa kiasi kikubwa iwapo fedha chache zilizopo zingeelekezwa kwenye magonjwa yenye madhara makubwa na kwenye tiba na kinga zenye gharama nafuu. Hoja hiyo ilihitaji kujaribiwa katika mazingira halisi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya ya Tanzania, kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Serikali ya Kanada, iliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Kwa pamoja wilaya hizo zilikuwa na wakazi wapatao 700,000.

Kila wilaya iliruhusiwa kutumia nyongeza ya hadi dola 2 za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Fedha hizo hazikuwa nyingi, na hata hivyo wilaya hazikuweza kuzitumia zote: zilitumia chini ya dola moja. Mabadiliko makubwa yaliletwa na namna ya kupanga.

Kwanza, wilaya zilitafuta kujua watu wake wanakufa kwa nini. Takwimu za hospitali hazikutosha kwa sababu watu wengi hufia nyumbani, na vifo vyao haviingii katika vitabu vya hospitali. Kwa hiyo wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kwa vipindi maalumu, wakiorodhesha waliozaliwa, waliohama na waliofariki, na wakiwauliza ndugu wa marehemu kuhusu dalili zilizotangulia kifo. Majibu yalichambuliwa na madaktari, kisha yakachorwa kwa michoro rahisi ambayo timu ya afya ya wilaya iliweza kuisoma kwa dakika chache.

Michoro hiyo iliwekwa sambamba na bajeti, na tofauti ikaonekana waziwazi. Malaria ilichangia takribani asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kutokana na vifo vya mapema, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu. Magonjwa ya watoto yanayotibika kwa pamoja, kama vile nimonia, kuharisha, surua na utapiamlo, yalichangia asilimia 28 na kupewa asilimia 13. Kifua kikuu, ambacho kilichangia chini ya asilimia 4, kilipewa asilimia 22. Hakuna aliyekuwa amekaa mezani na kuamua kwamba watoto wenye malaria wasahaulike. Bajeti ilikuwa imerithiwa mwaka hadi mwaka, ikifuata mazoea na matakwa ya wafadhili wa miradi mbalimbali.

Pili, timu za wilaya zilipewa mamlaka ya kuhamisha fedha kulingana na hali waliyoiona. Ziliongeza fedha za malaria na vyandarua, na zikawafundisha watumishi wa zahanati utaratibu wa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, badala ya kuangalia dalili moja tu iliyomleta. Mtoto aliyeletwa kwa homa alihesabiwa pumzi, akaangaliwa upungufu wa damu, uzito na chanjo zake, na mama akaelekezwa dalili za hatari za kumrudisha kituoni.

Tatu, usimamizi ulisogezwa karibu. Rufiji ni wilaya iliyogawanywa na mto mkubwa, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mvua na mafuriko viliweza kuikata sehemu moja na nyingine. Ofisi ya wilaya isingeweza kuitembelea kila zahanati kwa wakati. Kwa hiyo baadhi ya vituo vya afya vilipewa jukumu la kusimamia zahanati za jirani, kupeleka dawa na kukusanya taarifa, huku redio za mawasiliano zikiunganisha vituo vilivyokuwa mbali. Wanavijiji nao walichangia nguvu kazi, mchanga na mawe katika ukarabati wa zahanati zao.

Matokeo yalionekana katika vifo vya watoto, ambavyo katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika kipindi cha miaka mitano hivi. Uaminifu wa kitaalamu unadai kuongeza jambo moja. Watafiti walipozilinganisha wilaya hizo na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga kwa muda wa miaka miwili, vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika wilaya za mradi vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Kitakwimu, tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa uwezekano wa bahati. Mambo mengine, vikiwemo vyandarua vilivyokuwa vikienea wakati huo, yalichangia pia. Lakini jambo moja halina ubishi: gharama ya kumtibu mtoto haikuwa kubwa kuliko ya wilaya jirani, na huduma aliyoipata ilikuwa bora zaidi. Nyenzo za kupanga bajeti zilizobuniwa katika mradi huo baadaye zilienezwa katika halmashauri nyingine nchini.

Mfano wa kukwama: msamaha usio na mlipaji

Kuanzia mwaka 1993 Tanzania ilianzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma, na baadaye utaratibu huo ukashuka hadi vituo vya chini. Serikali ilitambua kwamba wapo ambao hawapaswi kulipa. Kwa hiyo ikaweka msamaha kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na wagonjwa wa baadhi ya maradhi kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Nia ya sera hiyo ilikuwa njema, na ilikuwa sahihi kitaalamu, kwani makundi hayo ndiyo yenye mahitaji makubwa zaidi ya huduma.

Kasoro yake huonekana kwa hesabu ndogo. Tuchukue mfano wa kubuni wa zahanati inayohudumia wagonjwa 100 kwa wiki, na 65 kati yao ni wajawazito, watoto wadogo na wazee. Zahanati hiyo inategemea makusanyo ya 35 waliobaki kuongezea dawa pale mgao kutoka Bohari ya Dawa usipotosha. Dawa zinazotoka dirishani ni za watu 100, lakini fedha zinazoingia ni za watu 35. Dawa zikiisha siku ya ishirini ya mwezi, mama mjamzito anayefika siku ya ishirini na moja bado ana haki ya kutibiwa bure, ila hakuna cha kumpa. Huandikiwa karatasi akanunue duka la dawa, na huko msamaha hautambuliki.

Tabia ya sera kama hii ni kwamba kituo kinachoitii zaidi ndicho kinachoishiwa haraka zaidi. Mganga mfawidhi mwenye huruma anayemsamehe kila anayestahili humaliza dawa mapema, na wananchi humwona kuwa hajui kazi. Mwenzake anayewatoza wasiostahili kutozwa hubaki na dawa rafuni, na anaweza kusifiwa kwa usimamizi mzuri. Mpangilio unapomwadhibu mtekelezaji mwaminifu, maonyo na semina za maadili haviwezi kuurekebisha. Dawa ya tatizo hilo ni kumpata mlipaji wa kila msamaha unaotolewa.

Waswahili husema ahadi ni deni. Katika lugha ya bajeti, msamaha ni deni ambalo mtu fulani atalilipa: hazina, kituo, au mgonjwa mwenyewe kupitia duka la dawa. Sera isipomtaja mlipaji, mara nyingi deni humwangukia mgonjwa.

Majirani walivyokutana na tatizo lilelile

Mwaka 2001 Uganda iliondoa ada katika vituo vya afya vya Serikali. Mahudhurio yaliongezeka, hasa miongoni mwa maskini, na hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba idadi ya familia maskini zilizoelemewa na gharama za matibabu haikupungua. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba dawa zilipokosekana katika vituo vya Serikali, wagonjwa walizinunua katika maduka binafsi.

Kenya ilitangaza uzazi wa bure katika vituo vya umma kuanzia Juni 2013, na ikachukua njia tofauti kidogo: Serikali iliahidi kukilipa kituo kwa kila mama aliyejifungua, shilingi za Kenya 2,500 kwa zahanati na kituo cha afya, na 5,000 kwa hospitali. Mlipaji alijulikana tangu mwanzo, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Tatizo lilikuwa njia. Mwaka huohuo huduma za afya zilihamishiwa serikali za kaunti, na katika maeneo mbalimbali vituo vililalamika kwamba fedha zilichelewa kufika au zilibaki katika akaunti za kaunti. Hapo jambo la pili, yaani fedha, lilikuwepo, lakini jambo la tatu, yaani mamlaka ya kuzitumia, halikukifikia kituo.

Tanzania ilijaribu kuifupisha njia hiyo kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, pale sehemu ya fedha za afya ilipoanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za benki za vituo, zahanati za vijijini zikiwemo. Kituo kiliweza kupanga matumizi yake chini ya uangalizi wa kamati ya wananchi. Utaratibu huo humpa mganga mfawidhi uwezo wa kuamua, na humbebesha pia wajibu wa kutunza hesabu, kazi ambayo mara nyingi hakuisomea chuoni. Mamlaka bila ujuzi huo hugeuka kuwa mzigo, na ndiyo maana halmashauri hupaswa kuvisaidia vituo kwa wahasibu.

Umuhimu wa taarifa inayorudi

Sera inaweza kuwa sahihi leo na ikawa kosa baada ya miaka kumi, kwa sababu ugonjwa nao hubadilika. Klorokwini ilikuwa dawa kuu ya malaria kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1990 vituo maalumu vya uchunguzi vilifuatilia wagonjwa baada ya kumeza dawa, na katika baadhi ya maeneo zaidi ya nusu ya watoto walionekana kutopona ipasavyo. Taarifa hizo ziliifanya Wizara ibadilishe sera. Mwaka 2001 klorokwini iliondolewa kama dawa ya kwanza na nafasi yake ikachukuliwa na SP. Vimelea vilipoonyesha usugu dhidi ya SP pia, Tanzania ilihamia dawa mseto ya ALu mwishoni mwa mwaka 2006.

Mabadiliko hayo hayakuwa rahisi. Klorokwini ilikuwa ya bei nafuu, wananchi waliizoea, na wengine waliamini kwamba muwasho uliofuata baada ya kuimeza ulikuwa dalili ya nguvu yake. Bila takwimu za kila kituo cha uchunguzi, hoja ya kuiacha isingepata nguvu. Thamani ya kitabu cha MTUHA hutokana na jambo hilohilo. Muuguzi anayejaza rejista saa kumi jioni, akiwa amechoka, huona kama anatimiza takwa la wakubwa. Kwa hakika anaandika ushahidi ambao bila huo hakuna atakayejua kwamba dawa imeacha kufanya kazi au kwamba wajawazito wa kijiji fulani hawafiki kliniki.

Taarifa zikiwa za uongo, sera hupofuka. Kituo kinachoandika kwamba dawa zilikuwepo mwezi mzima, kwa kuogopa kulaumiwa, hujinyima mgao wa mwezi unaofuata. Kwa sababu hiyo viongozi wanaoadhibu taarifa mbaya hulipwa kwa taarifa nzuri zisizo za kweli. Msimamizi mwema huuliza kwanza kituo kilikosa nini, kisha ndipo aulize nani alikosea.

Wajibu wa mtumishi na wa mgonjwa

Mtumishi wa afya hawezi kubadili bajeti ya Taifa, lakini anaweza kuzuia pengo lisifichike. Aandike idadi ya waliopewa msamaha na thamani ya dawa walizopewa, kwani bila hesabu hiyo deni halionekani. Aandike tarehe ambayo dawa iliisha na tarehe iliyorudi. Aagize dawa kwa kufuata matumizi halisi, badala ya kunakili oda ya robo mwaka iliyopita. Anapomwambia mgonjwa kwamba dawa haipo, amweleze kwa heshima sababu na mahali pa kuipata, ili mgonjwa asidhani kwamba amefichwa.

Mgonjwa naye ni sehemu ya mfumo. Kila zahanati na kituo cha afya cha umma hupaswa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Mwananchi ana haki ya kuwajua wajumbe wake na kuwauliza mambo yanayoeleweka na yanayojibika: kituo kilipokea fedha kiasi gani robo hii, zilinunua nini, na dawa zipi zilikosekana kwa siku ngapi. Malalamiko ya jumla kwamba huduma ni mbovu huishia hewani. Malalamiko yenye tarehe, jina la dawa na idadi ya siku huweza kufikishwa halmashauri na kudaiwa majibu.

Maswali haya yana umuhimu zaidi sasa, baada ya Tanzania kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Bima hiyo ni ahadi kubwa kuliko misamaha ya awali. Wasio na uwezo wanatarajiwa kugharimiwa kupitia mfuko maalumu, maana yake ni kwamba safari hii mlipaji ametajwa. Kitakachoamua mafanikio ni iwapo mfuko utajazwa kila mwaka, iwapo kituo kitalipwa kwa wakati, na iwapo dawa zitakuwa rafuni siku mwenye kadi atakapofika.

Hitimisho

Kwa kipindi cha miaka zaidi ya ishirini Tanzania imepiga hatua kubwa katika kuwanusuru watoto. Tafiti za kitaifa zinaonyesha kwamba vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 147 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa mwaka 1999, na 43 katika utafiti wa mwaka 2022. Chanjo, vyandarua, dawa mseto na matibabu bora ya mtoto mgonjwa ni miongoni mwa yaliyoleta matokeo hayo, na yote yalihitaji fedha, watumishi, vifaa na takwimu kwa pamoja.

Serikali inayofanya kazi vizuri hutambulika kwa namna inavyoshughulikia mapengo: huyatafuta mapema, huwasikiliza wanaoyaona, na hurekebisha mpango kabla mgonjwa hajalipa gharama yake. Kwa hiyo sera mpya itakapotangazwa, mtumishi na mwananchi wajiulize maswali matano: Je, tatizo limepimwa? Nani atalipa? Nani ana mamlaka ya kuamua? Watumishi na dawa vitafikaje? Na ikikwama, nani atajua, na baada ya muda gani? Swali litakalokosa jibu ndilo la kufikishwa kwenye kikao kijacho cha kamati ya kituo.